Tabibu Bilharz wa Kairo na siri ya kichocho

Hapana mtu wa pwani asiyekijua kichocho. Kuanzia bonde la mto Tana, kupitia Kwale na Tanga, hadi Unguja na Pemba, wazee wengi wanakumbuka kwamba utotoni mwao kukojoa damu hakukuwa jambo la kumshtua mtu. Wapo hata waliodhani kuwa ni dalili ya mtoto wa kiume kukaribia kubaleghe. Lakini ni wachache wanaomjua mtu ambaye jina lake limepewa maradhi haya katika nchi nyingi za dunia, zikiwemo nchi za Waarabu, yakaitwa bilhazia.

Mtu huyo ni Theodor Bilharz. Alizaliwa tarehe 23 Machi, 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini ya Ujerumani. Alisoma katika vyuo vikuu vya Freiburg na Tübingen, akahitimu utabibu. Tangu ujanani mwake alikuwa na shauku ya kuchunguza viumbe vidogo, na mmoja wa walimu wake, Profesa Carl Theodor von Siebold, alikuwa bingwa wa elimu ya minyoo. Mwalimu wake mwingine, Wilhelm Griesinger, ndiye aliyembadilishia maisha. Mwaka 1850 Griesinger aliitwa Misri na mtawala wa nchi hiyo, Abbas Pasha, mjukuu wa Muhammad Ali, ili awe tabibu wake na kuisimamia kazi ya utabibu nchini. Griesinger alimchukua Bilharz awe msaidizi wake. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 25.

Huko Kairo alifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini, penye chuo cha utabibu kilichoanzishwa wakati wa Muhammad Ali. Kazi yake moja ilikuwa kupasua maiti ili kujua sababu ya kifo. Mwaka 1851, alipokuwa akichunguza mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, aliona minyoo myeupe, myembamba, ambayo hakuna tabibu aliyekuwa ameieleza kabla yake. Alipoitazama kwa darubini akashangaa. Dume lilikuwa na mfereji mwilini, na ndani ya mfereji huo lilimbeba jike, wakiishi pamoja ndani ya damu ya binadamu.

Bilharz aliandika barua kwa mwalimu wake von Siebold, naye akazichapisha Ujerumani. Mwaka uliofuata akapiga hatua kubwa zaidi. Katika kuta za kibofu cha mkojo za wagonjwa waliokufa aliona vidonda na uvimbe, na ndani yake mayai ya minyoo ile ile, yenye mwiba nchani. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba damu katika mkojo, iliyowasumbua watu wa bonde la mto Nile kwa maelfu ya miaka, ilitokana na mnyoo.

Haifai kusahau kwamba elimu hii ilipatikana kwa miili ya Wamisri wenyewe, watu ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya utabibu. Tabibu alipata jina, nao walibaki bila jina. Kila anayepona kichocho leo ana deni kwao pia.

MWISHO WA SAFARI

Griesinger alirejea kwao mwaka 1852, lakini Bilharz alibaki Misri. Baadaye akawa profesa wa elimu ya viungo vya mwili katika chuo cha Kairo. Aliandika pia kitabu, kilichochapishwa mwaka 1857, juu ya kambare wa mto Nile mwenye nguvu ya umeme mwilini mwake.

Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa mtawala mmoja wa Kijerumani, Duke Ernst wa Saxe-Coburg-Gotha, hadi Massawa, katika pwani ya Bahari ya Sham. Katika safari hiyo alishikwa na homa kali. Alifariki dunia Kairo tarehe 9 Mei, 1862, akiwa na umri wa miaka 37 tu, na huko huko akazikwa.

Alikufa bila kujua mnyoo wake huingiaje mwilini. Jambo hilo lilithibitishwa Misri mwaka 1915 na Mwingereza Robert Leiper. Mayai hutoka na mkojo, yakifika katika maji baridi huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono wa majini. Humo huongezeka, kisha hutoka vingine vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevuka maji. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1910, tabibu Marc Armand Ruffer alikuwa ameonyesha mayai ya kichocho katika maiti za kale za Misri zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3,000.

KUTOKA KICHOCHO HADI SARATANI

Mwaka 1911 tabibu Ferguson, akifanya kazi Kairo, alieleza habari za wagonjwa 40 wenye saratani ya kibofu na kuihusisha na kichocho. Uchunguzi mwingi ulifuata, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza rasmi kwamba mnyoo huyu husababisha saratani kwa binadamu.

Je, yai dogo lisiloonekana kwa macho hufanyaje kazi hiyo? Si mayai yote yanayotoka na mkojo. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu, na mwili hupigana nayo mwaka baada ya mwaka. Seli za utando wa ndani huumia, hufa, huota nyingine, nazo huumia tena. Katika kuota huko kusikokwisha, makosa hutokea katika asili ya seli, na hatimaye huenda saratani ikaanza.

Lakini saratani haiwi ya hatari kubwa mpaka seli zake zihame. Seli za utando wa kibofu hushikamana kama matofali ya ukuta, na saruji yake ni protini. Mojawapo huitwa E-kadherini, ya jamii iliyogunduliwa na mtaalamu wa Kijapani, Masatoshi Takeichi. Protini hii ya seli moja huishika ile ya seli jirani, kama watu walioshikana mikono katika safu, nayo huhitaji madini ya kalsiamu ili ishike barabara. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mara nyingi saratani ya kibofu inapopungukiwa na E-kadherini, seli zake huachana, hupenya hadi kwenye misuli ya kibofu, na zikiingia katika mishipa husafiri mbali. Tabibu aweza kukata uvimbe uliokaa juu ya utando. Uliokwisha kupenya humpa kazi kubwa mno.

Ndiyo maana wakati ni jambo kubwa. Chukua mfano wa kijana aliyekulia Kwale akiogelea mabwawani, kisha akaenda kutafuta kazi Nairobi na kupanga chumba Waithaka, upande wa Dagoretti. Huko bara juu kuna baridi, na kichocho cha mkojo si maradhi ya mahali pale. Akiona damu katika mkojo huenda asikifikirie, na tabibu naye huenda asimwulize. Lakini minyoo hii huweza kuishi mwilini miaka mingi, na kovu la mayai hubaki hata baada yake. Basi ni wajibu wake kumwambia tabibu wapi alizaliwa na maji gani aliyaoga. Na mtu mzima yeyote anayekojoa damu, hata mara moja na bila maumivu, asikae nyumbani akisema ni kichocho cha utotoni. Kama ni mvuta sigara, hatari yake ni kubwa zaidi, kwani tumbaku nayo huleta saratani hii.

Dawa ya minyoo ipo, nayo ni prazikuanteli. Huko Misri kichocho kilipopungua, saratani ya aina hii nayo ilipungua. Unguja na Pemba zimefanya kampeni kubwa za kugawa dawa na kuua konokono. Lakini dawa haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi katika maji yale yale. Kwetu sisi Waislamu, katazo la kukojoa katika maji yaliyotuama lilitufikia kwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, karne nyingi kabla ya darubini. Lau lingefuatwa katika kila bwawa na kila kijito, mnyoo wa kichocho angekosa njia ya kumfikia konokono.

Katika mji wa Giza, ng'ambo ya Nile, iko taasisi ya utafiti yenye jina la Theodor Bilharz. Wanaoiendesha leo ni matabibu wa Kimisri, wajukuu wa watu wale wale waliopasuliwa Kasr el-Aini bila majina yao kuandikwa.