Jakob Fugger, Mdai wa Wafalme

Mwaka 1523 mfanyabiashara mmoja wa mji wa Augsburg, Ujerumani, alimwandikia barua Kaisari Karl wa Tano. Barua ile haikuwa na kunyenyekea. Ilimkumbusha Kaisari wazi wazi kwamba pasipo fedha za mwandishi asingalivaa taji, ikamtaka aamuru deni lilipwe pamoja na faida yake bila kukawia. Mtu mwingine angalithubutu kumwandikia hivyo mtawala wa Ujerumani na Hispania, angalilala kifungoni. Huyu hakuguswa. Jina lake Jakob Fugger, na habari zake zafaa kusomwa na kila atakaye kujua jinsi mali ya mtu mmoja iwezavyo kuingia katika baraza la serikali na kukaa humo kama mwenyeji.

Alizaliwa Augsburg mwaka 1459. Babu yake alikuwa mfumaji wa nguo aliyehamia mjini humo mwaka 1367. Jakob mwenyewe alikuwa amewekwa kwa ajili ya utumishi wa Kanisa, lakini aliuacha akaingia katika biashara ya ukoo, na huko Venezia akajifunza kuandika hesabu kwa ustadi wa Waitalia.

Njia yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Mtawala wa Tirol, Sigmund, alipenda anasa na vita kuliko kipato chake, basi Fugger akamkopesha. Rehani haikuwa shamba wala ngome, bali fedha ya migodi ya Schwaz, ambayo Fugger aliuziwa kwa bei ya chini mpaka deni liishe. Lakini mtawala wa namna ile hamalizi deni, hukopa tena. Mwaka 1490 Tirol ikapita kwa Maximilian, aliyekuja kuwa Kaisari, naye akashika desturi ile ile, tena kwa bidii zaidi. Tangu mwaka 1494 Fugger na mwenzake Thurzo wakaanza kushika pia shaba ya Hungaria. Hivyo mali ya ardhi, iliyopaswa kuijaza hazina, ikawa imekwisha uzwa kabla haijatoka chini.

Mkono wake ulifika hata pwani yetu. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida alipoiteka Kilwa, kisha akaipora na kuichoma Mombasa, katika msafara wake zilikuwamo merikebu tatu zilizogharimiwa na wafanyabiashara wa Ujerumani na Italia. Fugger alikuwa mmoja wao, ingawa fungu lake lilikuwa dogo kuliko la jamaa ya Welser wa mji huo huo. Walitaka pilipili ya Bara Hindi. Watu wa Kilwa na Mombasa hawakupata kujua kwamba msiba wao uliandikwa pia katika daftari la Augsburg.

Liko jambo jingine, nasi Wakatoliki hatuna haja ya kulificha. Albrecht wa Brandenburg alipochaguliwa Askofu Mkuu wa Mainz mwaka 1514, alikopa kwa Fugger ili alipe ada kubwa iliyotakiwa Roma. Ikakubaliwa kwamba nusu ya sadaka zitakazotolewa kwa ajili ya rehema ilipe deni lile, na mawakala wa Fugger wakafuatana na wahubiri wakihesabu fedha. Fitina iliyozuka mwaka 1517 yajulikana na wote. Mtaguso wa Trento uliifuta kazi ya wachangishaji hao mwaka 1562, lakini Ukristo wa Ulaya ulikuwa umekwisha pasuka.

Mwaka 1519 Maximilian akafa. Wachaguzi saba wa Kaisari mpya walinadi kura zao kama watu wa mnada, na François wa Kwanza, Mfalme wa Ufaransa, alikuwa tayari kununua. Karl akamshinda kwa gharama ipatayo gulden 850,000. Karibu 544,000 kati ya hizo zilitoka kwa Fugger.

Malipo ya jambo hilo yalionekana upesi. Watu wa kawaida, na hata mabwana wadogo, walikuwa wakilalamika kwamba makampuni machache yameshika shaba, fedha na viungo, na kwamba bei yapanda yapendavyo. Baraza la Dola lililokutana Nürnberg mwaka 1522 na 1523 likashauri mtaji wa kampuni usizidi gulden 50,000. Mwendesha mashtaka wa Dola akayashtaki makampuni ya Augsburg kwa kuhodhi biashara. Ndipo amri ya Kaisari ikaja kutoka Hispania, nayo kesi ikasimama. Mwaka 1525 akaongeza kutangaza kwamba biashara ya madini, hata ikiwa mikononi mwa wachache, haihesabiwi kuwa kuhodhi. Mwaka ule ule Fugger akakodishwa mapato ya mashamba makubwa ya vyama vya mashujaa wa Hispania, pamoja na migodi ya zebaki ya Almadén. Sheria haikuvunjwa hata kidogo, iliandikwa upya.

Huko Hungaria nako, mwaka 1525, wachimbaji wa Neusohl waliasi. Sarafu ilikuwa imepunguzwa thamani, na mshahara uliotosha jana haukutosha mkate leo. Mfalme akayatwaa machimbo, lakini baadaye yakarudishwa kwa jamaa ya Fugger.

Alifariki tarehe 30 Desemba 1525, bila mtoto. Hesabu ya mwaka 1527 ilionyesha mtaji wa karibu gulden milioni mbili, hali mwaka 1511 haukufika 200,000. Mpwa wake Anton alirithi kazi, akarithi na wadeni. Mwaka 1557 serikali ya Hispania ilisimamisha malipo yake, na nyumba iliyowafunga wafalme kwa deni ikajikuta imefungwa kwa kamba ile ile.

Hata hivyo tusimnyime haki yake. Mwaka 1521 aliandika waraka wa kuweka wakfu mtaa wa nyumba kwa maskini Wakatoliki wa Augsburg. Mabomu yaliubomoa sehemu kubwa mwaka 1944, ukajengwa tena, na hata leo watu hukaa humo. Kodi ni ile ile ya gulden moja kwa mwaka, ambayo kwa fedha za sasa ni senti 88 za yuro. Pamoja na kodi hiyo, kila mkazi hudaiwa sala tatu kwa siku kwa ajili ya mfadhili na jamaa yake: Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki.