Vittorio Sella na mlima uliojificha mawinguni

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, katika mkutano wa walimu wa lugha. Tulikaa huko siku nne. Kila asubuhi wenyeji wetu walitunyoshea kidole upande ulipo mlima Ruwenzori, na kila asubuhi sikuona ila ukungu. Nilirejea Nairobi sijauona mlima hata ncha yake. Nilipomlalamikia mwenzangu mmoja chuoni, alinifungulia kitabu chenye picha za mlima huo zilizopigwa mwaka wa 1906, vilele vyake vyeupe na mabonde yake yakiwa wazi mbele yangu. Aliyezipiga ni Mwitalia, Vittorio Sella.

Sella alizaliwa mwaka wa 1859 mjini Biella, kaskazini mwa Italia, chini ya milima ya Alps. Jamaa yake ilikuwa ya wenye viwanda vya sufu. Baba yake, Giuseppe Venanzio, alichapisha kitabu juu ya ufundi wa kupiga picha mwaka wa 1856, wakati ambapo ufundi wenyewe haukuwa umetimiza miaka 20 tangu kutangazwa kwa walimwengu. Baba yake mdogo, Quintino, alikuwa waziri wa fedha wa Italia, na ndiye aliyeasisi chama cha wapanda milima cha nchi hiyo mwaka wa 1863. Maji hufuata mkondo. Kijana alirithi kamera kwa huyu na milima kwa yule. Mwaka wa 1882, akiwa na umri wa miaka 22, aliuvuka mlima Matterhorn wakati wa baridi kali, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu kabla yake.

Msomaji wa leo, aliyezoea kamera inayoingia mfukoni, hana budi kuelezwa kamera ya Sella ilikuwa kitu gani. Ilikuwa sanduku la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu, mbele lenzi, nyuma kioo cha ukungu, na katikati mfuko uliokunjwakunjwa mithili ya kodiani. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akauona mlima katika kioo kile ukiwa kichwa chini. Ubao wa lenzi uliweza kupandishwa au kushushwa peke yake, sanduku lenyewe likibaki wima, na hivyo kilele kirefu kikaingia katika picha bila majabali kuonekana kana kwamba yanaanguka kinyumenyume. Akisharidhika, aliweka mahali pa kioo cha ukungu kioo kingine kilichopakwa dawa, na hicho ndicho kilichoipokea nuru. Vioo alivyotumia mwanzoni vilikuwa vya sentimita 30 kwa 40, na kimoja kilikaribia uzani wa kilo moja. Picha kumi zilikuwa mzigo wa kilo kumi, tena mzigo ambao ukianguka mara moja, kazi ya mwezi mzima imekwisha. Baadaye alihamia vipimo vidogo zaidi, lakini hakuacha vioo.

Wanafunzi wangu hupiga picha mia kabla dereva hajazima injini. Siwalaumu. Ila yampasa mtu ajiulize, kama kila picha ingemgharimu kilo moja ya mgongo wake, angeielekeza kamera wapi? Sella alilijibu swali hilo kila siku ya safari zake. Alisubiri. Alikaa barafuni saa nyingi akiyangoja mawingu yapasuke, kisha akaifungua lenzi.

Alifika milima ya Caucasus mara tatu, mwaka wa 1889, 1890 na 1896. Mwaka wa 1897 alikwenda Alaska pamoja na mwanamfalme Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, wakafika kilele cha Saint Elias. Mwaka wa 1899 aliuzunguka mlima Kangchenjunga pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield, na mwaka wa 1909 akaupiga picha mlima K2. Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari aliye mashuhuri kuliko wote Marekani, alimsifu kwa maandishi.

Safari ituhusuyo sisi ni ile ya 1906. Duke na watu wake walishukia Mombasa, wakapanda garimoshi hadi Kisumu, ambako wakati huo kukiitwa Port Florence, wakavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe, kisha wakatembea hadi Fort Portal wakiwa na msafara mkubwa wa wapagazi. Miongoni mwa viongozi wa njia walikuwamo César Ollier na Joseph Brocherel, ambao mwaka wa 1899 walikuwa wamefika kilele cha Batian katika Mlima Kenya pamoja na Mackinder. Tarehe 18 Juni 1906 Duke alisimama juu ya kilele kilicho kirefu kuliko vyote, mita 5,109.

Hapa ndipo mwanaisimu ndani yangu anaponung'unika. Kilele kile kilipewa jina la Margherita, malkia wa Italia, na jirani yake jina la Alexandra, malkia wa Uingereza. Kilele kimoja chaitwa Sella hadi leo. Lakini Wakonjo, waishio miteremkoni, walikuwa na majina yao. Mlima ulioandikwa Baker kwenye ramani wao wanauita Kiyanja, na jina lao Rwenzururu linahusishwa na theluji yenyewe. Wakonjo ndio waliobeba mizigo katika matope na baridi hadi kambi ya Bujongolo. Jina la mwenye lenzi tunalijua. Ya waliobeba yako wapi? Sella mwenyewe hakuzitunga ramani, na simtwiki lawama isiyo yake. Hata hivyo picha zake zimesafiri ulimwenguni zikiwa na majina yale, na watoto wetu wameyakariri.

Sella alifariki mwaka wa 1943 mjini Biella, baada ya kuujaribu tena Matterhorn akiwa na umri wa miaka 76. Vioo vyake vimehifadhiwa mjini humo. Tangu hapo vimepata kazi ambayo hakuikusudia. Mwaka wa 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea zaidi ya kilomita mraba 6. Kufikia mwaka wa 2003 haikufika hata kilomita mraba moja, nayo imezidi kupungua. Mahali alipoiona barafu, aendaye leo na picha zake mkononi huona mwamba mtupu.

Nilikitafuta kitabu kile tena katika maktaba moja ili niwaonyeshe wanafunzi wangu. Kurasa za picha zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Kwa hiyo nawasihi wanaosimamia makumbusho yetu, ya Kenya na ya Uganda, waombe nakala kutoka Biella, wazitundike Fort Portal, Kasese na Nairobi, na chini ya kila kilele waandike kwanza jina la Kikonjo.