Maisha ya Thomas Burrill, Tabibu wa Miti
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kusoma darasani habari za Pasteur na Koch, mabingwa walioonyesha kuwa maradhi mengi ya watu na wanyama huletwa na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu. Lakini ni wachache wanaomjua mwalimu aliyeonyesha jambo hilohilo kwa miti. Jina lake ni Thomas Jonathan Burrill, Mmarekani. Nimechagua kuandika maisha yake kwa sababu sisi watu wa Pemba tunakula na kuvaa kwa miti. Mikarafuu, minazi, migomba, miembe na michungwa ndiyo akiba ya wazee wetu, na mti unapokauka nyumba nzima hupata hasara.

Burrill alizaliwa tarehe 25 Aprili 1839, karibu na mji wa Pittsfield katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa bado mtoto, wazazi wake walihamia Illinois, nchi ya mashamba makubwa, na huko akakulia. Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1865, naye ana umri wa miaka 26. Basi wenzangu mnaoona kuwa mmechelewa msikate tamaa. Alisimamia skuli za mji wa Urbana, na mwaka 1867 alifuatana na msafara wa John Wesley Powell katika milima ya Rocky, kazi yake ikiwa kuchunguza mimea. Mwaka 1868 aliingia kufundisha katika chuo kipya kilichofunguliwa hapo Urbana, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Illinois. Alidumu hapo mpaka alipostaafu mwaka 1912.

Zama hizo wakulima wa Marekani walikuwa na msiba. Miti yao ya mapeasi, tunda la nchi za baridi lililo nene chini na jembamba juu, ilikuwa ikifa ghafla. Hata mitufaha ya Ulaya iliugua (siyo mitufaha yetu hii ya matunda mekundu, ambayo ni jamaa ya mkarafuu). Maua yalinyauka, kisha majani na ncha za matawi zikawa nyeusi kana kwamba zimebabuliwa na moto, na gome likatoa matone ya utomvu. Kwa hiyo wakayaita maradhi ya moto. Yalikuwa yakionekana tangu karne ya 18, lakini hapana aliyejua sababu yake. Wengine walisema ni radi, wengine baridi iliyogandisha maji ya mti, wengine jua kali. Tusiwacheke. Hata kwetu mgomba ukinyauka hakosi mtu wa kusema umepigwa na jicho la hasidi.

Burrill alichukua tawi gonjwa, akakata kipande, akakitazama kwa hadubini. Katika ule utomvu aliona vijidudu vingi mno vikienda huku na huku. Mwaka 1878 aliwaeleza wakulima wa matunda wa Illinois alichokiona. Lakini kumwona mtu penye wizi si kuthibitisha kuwa ndiye mwizi. Huenda vijidudu vile vilikuja baada ya tawi kufa, kama nzi wanavyofuata mzoga. Kwa hiyo mwaka 1880 alitwaa utomvu wa miti migonjwa, akautia ndani ya gome la miti mizima, akangoja. Miti mingi ikashikwa na maradhi yaleyale. Hayo ndiyo maradhi ya kwanza ya mimea kujulikana kuwa huletwa na bakteria. Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, yaani miaka 2 baadaye.

Wengi hawakusadiki. Lakini mwaka 1885 mtaalamu mwingine, Joseph Arthur, aliwatenga bakteria hao na utomvu na kuonyesha kuwa ndio wenye kosa. Mwaka 1891 Merton Waite akaonyesha kuwa nyuki na wadudu wengine huwachukua kutoka ua moja hata jingine. Huko Ujerumani bado alikuwapo bingwa, Alfred Fischer, aliyekana kabisa kuwa bakteria waweza kuugusha mti. Ubishi huo uliendelea mpaka mwanzo wa karne ya 20, na Burrill aliishi hata akaona upande wake umeshinda.

Pamoja na sifa hizo hakuacha kufundisha. Aliongoza upandaji wa miti katika viwanja vya chuo, na tangu mwaka 1891 hata 1894 alikaimu ukuu wa chuo chote. Alifariki tarehe 14 Aprili 1916, akiwa karibu kutimiza miaka 77.

Lakini jambo moja lilibaki kuwa fumbo. Katika bustani ileile, mti mmoja hufa na jirani yake hupona. Kwa nini? Jibu lilipatikana kidogo kidogo baada ya Burrill kufariki. Mti hauna miguu ya kukimbia wala damu ya kupeleka askari mwilini, kwa hiyo kila seli yake hujilinda yenyewe. Gome na nta ya jani ni ukuta wa nje. Vile vitundu vidogo vya kupumulia huweza kufungwa bakteria wanapokaribia. Wakipita kwenye ua au jeraha, seli huwatambua, huongeza unene wa kuta zake na kutoa dawa za sumu. Hali ikizidi, seli zilizo karibu na adui hujiua zenyewe, ili adui akose chakula na njia ya kuendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mti wenye nguvu huziba ufa mapema.

Mwaka 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwachunguza tena bakteria walewale wa Burrill, wakapata kwao protini waliyoiita hapini. Ikitiwa peke yake katika jani la tumbaku, seli za jani hujiua kana kwamba bakteria wenyewe wameingia. Basi ikajulikana alama moja ambayo mmea huitumia kumtambua adui.

Habari hiyo imefika mpaka kwenye migomba yetu ya Afrika Mashariki. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaingia Kagera. Majani huwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na mgomba ukikatwa hutoa usaha wa manjano. Mwaka 2010 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Uganda walieleza kuwa wametia katika migomba jeni ya pilipili hoho, jeni ambayo huongeza nguvu ya ule ulinzi unaoamshwa na hapini, na migomba mingi ikashinda maradhi.

Lakini mkulima hana haja ya kungoja maabara. Wadudu huingiza bakteria hao kupitia lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, kama nyuki wa Waite. Ndizi zikishatoka zote, ua hilo huvunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Na panga lililokata mgomba mgonjwa hupitishwa motoni kabla ya kukata mwingine.

Nakiri kuwa likizo iliyopita nilipogoa migomba ya bibi yangu, kisha nikaenda kwa jirani na panga lilelile bila hata kulifuta. Namshukuru Mungu hapakutokea dhara. Likizo ijayo nitawasha moto kwanza. Bibi ataniuliza napika nini shambani, nami nitamsimulia habari za Mwalimu Burrill.