Paul Harris: alianzisha klabu ya kula na kucheka, ikaishia kujenga vyoo

Leo naomba mnivumilie kidogo maana habari yenyewe ni ndefu na mhusika ni marehemu wa siku nyingi.

Hapa mtaani tuna kikundi cha washkaji kumi na wanne. Kila Jumapili tunachanga elfu mbili mbili, anapewa mmoja, wiki ijayo mwingine. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja akatoa hoja kwamba tuweke pembeni elfu kumi kila wiki tutengeneze choo cha shule ya msingi ya jirani, ambacho sakafu yake imeanza kutitia. Jamani, palichimbika! Nusu wakasema kikundi ni cha kuinuana sisi kwa sisi, serikali ipo kwa ajili ya mambo ya shule. Tukatawanyika bila jibu. Mimi nikaanza kutafuta hivi vilabu vikubwa vya kusaidia jamii vilianzaje, na ndipo nikakutana na Paul Harris, mzee wa Rotary. Lile gurudumu lenye meno mnaloliona kwenye matenki ya maji na wodi za hospitali, chanzo chake ni yeye.

Harris alizaliwa tarehe 19 Aprili 1868 mjini Racine, jimbo la Wisconsin, Marekani. Biashara ya baba yake ikafa, na mtoto akiwa na miaka mitatu akapelekwa kwa babu na bibi kule Wallingford, Vermont. Hao ndio waliomlea. Alikuwa mtukutu. Mwaka 1886 alifukuzwa Chuo Kikuu cha Vermont pamoja na wenzake kwa tuhuma za fujo za wanafunzi (chuo hicho hicho kilikuja kumpa shahada ya heshima mwaka 1933, dunia hii bwana). Akaenda Princeton, babu akafariki 1888, akaishia kusoma sheria Iowa na kumaliza 1891.

Mngedhani hapo anafungua ofisi. Wapi! Alijipa miaka mitano ya kuzunguka. Aliandika habari za magazeti San Francisco, akafundisha Los Angeles, akaigiza jukwaani Denver, akachunga ng'ombe, akawa karani wa usiku wa hoteli kule Jacksonville, akauza marumaru, na akavuka bahari kwenda Uingereza kwenye meli iliyopakia ng'ombe. Vijana mnaoambiwa hamjatulia, mwenzenu huyo.

Mwaka 1896 ndipo akatia nanga Chicago kama wakili. Jiji kubwa, watu wengi, yeye hana mtu. Siku za kazi zilipita, lakini Jumapili zilimuua kwa upweke. Siku moja mwaka 1900 wakili mwenzake alimkaribisha kula, kisha wakatembea mtaani jioni. Kila duka walilopita, mwenyeji anasalimiana na mwenye duka kwa jina. Harris akakumbuka kijiji cha babu yake. Akajiuliza kwa nini mjini pasiwe na hivyo. Wazo hilo alikaa nalo karibu miaka mitano.

Tarehe 23 Februari 1905 walikutana wanne katika chumba namba 711, jengo la Unity: Harris mwenyewe, Gustavus Loehr mhandisi wa madini, Silvester Schiele muuza makaa ya mawe, na Hiram Shorey fundi wa nguo. Chumba kilikuwa ofisi ya Loehr. Walikubaliana kukutana kwa kuzunguka, leo kwako kesho kwangu, na hapo ndipo likatoka jina Rotary. Kila kazi inaingiza mtu mmoja tu, ili wasigombanie wateja. Waliitana majina ya kwanza, hakuna cha bwana mkubwa. Harry Ruggles, mwenye kazi ya uchapaji, akaleta mtindo wa kuimba kwenye vikao. Na tuseme ukweli: lengo jingine lilikuwa kupeana dili. Wakili anapeleka kazi kwa mchapaji, mchapaji ananunua makaa kwa Schiele. Tofauti na kikundi chetu ni suti tu.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1906 mwanachama mmoja, Frederick Tweed, alimwalika Donald Carter, wakili wa mambo ya hataza. Carter akaipenda klabu, akasoma katiba, akakataa kujiunga. Sababu yake ilikuwa kwamba klabu isiyomfanyia lolote mtu aliye nje yake haina maisha marefu. Wangeweza kumcheka wakaendelea na mlo wao. Badala yake walimwambia aingie airekebishe. Akaingia, na katiba ikaongezwa kipengele cha kulitumikia jiji la Chicago. Kwa hiyo ule utumishi unaosifiwa leo haukuwa wazo la Harris peke yake. Uliletwa na mgeni aliyekataa kadi. Sifa ya Harris, kwa maoni yangu, ni kwamba alikubali klabu yake ibadilishwe.

Na kazi ya kwanza kubwa ilikuwa nini? Vyoo! Harris alipokuwa rais wa klabu mwaka 1907 waliungana na vyama vingine kudai vyoo vya umma katikati ya jiji, karibu na jengo la halmashauri. Waliopinga walikuwa wawili. Wa kwanza ni watengeneza bia: walisema baa zao zina vyoo vya bure kwa wanaume. Wa pili ni maduka makubwa ya mtaa wa State, yakisema wanawake wanakaribishwa kwao. Harris alijibu kwamba choo cha baa unakilipia kwa glasi ya bia na choo cha dukani unakilipia kwa kununua kitu. Waliohangaika kutafuta choo stendi mnaelewa vizuri. Mvutano ulikwenda kama miaka miwili, mwishowe jiji likatoa dola 20,000 na vyoo vikajengwa.

Ndani ya klabu si wote walifurahi. Wapo waliotaka mlo, nyimbo na biashara, basi. Harris alitaka pia klabu zienee miji mingine, nalo likaleta maneno. Lakini San Francisco ikaanza 1908, na mwaka 1910 zilikuwa klabu 16, zikaunda chama cha taifa na Harris akawa rais hadi 1912. Mwaka huo huo wa 1910 alimwoa Jean Thomson, Mskoti aliyekutana naye kwenye matembezi ya porini, pale Jean alipoona koti lake limechanika akajitolea kulishona. Hawakupata mtoto.

Afya yake haikuwa nzuri, hivyo uendeshaji wa kila siku ulibebwa na Chesley Perry, katibu kuanzia 1910 hadi 1942. Kuhusu fedha, Arch Klumph alipendekeza mfuko wa kudumu mwaka 1917. Mchango wa kwanza, 1918 kutoka Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50. Nairobi ikapata klabu yake 1930.

Siwafichi lililonikera. Wanawake hawakuruhusiwa rasmi duniani kote hadi 1989, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua dhidi ya Rotary mwaka 1987. Na kwa miaka mingi klabu nyingi za Marekani zilikuwa za wazungu watupu. Mtu aliyeumia kwa upweke aliacha mlango ambao wengi waliukuta umefungwa.

Harris alifariki tarehe 27 Januari 1947, akiwa na miaka 78. Alikuwa ameomba watu wasilete maua, wachangie mfuko. Michango ikamiminika, na mwaka huo huo wanafunzi 18 wakapata ufadhili wa kusoma nje. Mwaka 1985 Rotary ikaanza kampeni ya chanjo ya polio duniani, lengo dola milioni 120, hadi 1988 zikapatikana 247. Agosti 2020 Afrika ikatangazwa haina tena virusi vya polio vya asili. Kaburi lake liko Mount Hope, Chicago, jirani na Schiele, yule muuza makaa.

Sisi tunakaa tena Jumapili. Hoja ya choo bado iko mezani, na safari hii nimeomba nianze mimi kusema. Walio na vikundi, hapo chini tuambieni nyie mlikubalianaje.