Edgar Sengier, aliyetunza urani ya Katanga bila mnunuzi

Edgar Sengier alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, tarehe 9 Oktoba 1879. Alipata diploma ya injinia wa madini Louvain mwaka wa 1903. Mwaka wa 1911 akaingia Union Minière du Haut-Katanga, mwaka uleule tanuru la Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, lilipotoa shaba ya kwanza. Polepole akapanda hadi kuiongoza kampuni.

Shaba ndiyo iliyolipa wenye hisa. Lakini mwaka wa 1915 urani ilipatikana Shinkolobwe, karibu na Likasi. Urani yenyewe karibu haikuwa na kazi. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake. Hospitali zilitibia kansa, viwanda viliipaka kwenye saa ziangaze gizani, na matajiri walikunywa maji yake wakidhani ni dawa. Kuanzia 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiamu ya Katanga, na gramu moja iliuzwa dola 70,000 hivi. Migodi ya Marekani haikuweza kushindana na bei hiyo.

Halafu soko likageuka. Kanada ikapata madini kama hayo kwenye Ziwa Great Bear mwaka wa 1930, na bei ikaporomoka. Wanunuzi nao wakaingiwa na woga: wasichana waliopaka saa Marekani walikuwa wameoza taya, na mwaka wa 1932 tajiri Eben Byers akafa kwa sababu ya maji yale. Shinkolobwe ikafungwa mwaka wa 1937. Mwenye hisa aliyepima mali ile wakati huo angeiona mawe tu.

Mei 1939, mjini London, mwanasayansi Henry Tizard alimwonya Sengier kwamba urani hiyo ikifika kwa adui italeta maafa. Mwaka wa 1940, akiwa New York, Sengier akaagiza tani 1,200 hivi zitolewe Katanga, kwa treni hadi Lobito, kisha kwa meli. Mawe hayo, yaliyochimbwa na kuchambuliwa kwa mikono ya Wakongomani ambao hakuna aliyewaambia kuhusu hatari yake, yakalala katika ghala la Staten Island. Sengier aliyatangaza kwa serikali ya Marekani, hakuna aliyejali. Ni Septemba 1942 tu ndipo Kanali Kenneth Nichols alipofika ofisini kwake, na biashara ikakamilika kwa muda mfupi sana. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo.

Marekani ilimpa nishani mwaka wa 1946. Alikufa Cannes, Ufaransa, tarehe 26 Julai 1963. Madini ya sengierite, yaliyopatikana katika mgodi wa Luiswishi karibu na Lubumbashi, yana jina lake.