Mzee Hukwe Zawose na Ilimba Yake

Tunapoadhimisha Uhuru tukiwa mbali na nyumbani, tumeona vyema watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza wamjue Mzee Hukwe Zawose, aliyelifikisha jina la Tanzania kwenye majukwaa ya dunia.

Alizaliwa Ugogo, mkoani Dodoma, akafundishwa muziki na baba yake. Alianza na ala za kwao: zeze la nyuzi chache linalopigwa kwa upinde, na ilimba, kisanduku cha mbao chenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alipata habari zake, akamwita Dar es Salaam. Baadaye alihamia Bagamoyo, akafundisha Chuo cha Sanaa.

Mzee hakuishia kwenye alichorithi. Alitengeneza ilimba kubwa zenye vyuma zaidi ya 60, akaongeza nyuzi za zeze. Alipiga filimbi na ngoma, akafunga njuga miguuni, akaimba kwa sauti nzito na nyembamba katika wimbo uleule. Kampuni ya Real World ya hapa Uingereza ilitoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996, ya ala za asili. Mwaka 2002 ikatoa Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, ambamo ilimba inakutana na gitaa la umeme na mitambo ya kisasa. Ala zilibadilika, lakini Kigogo hakukiacha, hata mbele ya wasiokielewa.

Sisi wazazi hapo ndipo panapotugusa. Bagamoyo si Ugogo. Mzee naye alilelea watoto ugenini. Hata hivyo aliwafundisha ala na nyimbo za kwao, nyumbani, siku kwa siku. Sisi tunatoka zamu ya usiku hospitalini tumechoka, mtoto anatuuliza kwa Kiingereza, nasi tunajibu kwa Kiingereza kwa kuwa ni rahisi.

Mzee alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Kwa desturi ya Wagogo, wanawake walipiga ngoma ya muheme, huku ilimba na zeze zikiachiwa wanaume. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanazipiga wenyewe, na mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha.

Basi leo jioni, sherehe ikiisha, tuwasikilizishe watoto ilimba ya Mzee. Wakiuliza ni nini, tuwajibu kwa Kiswahili.

Heri ya Uhuru.