Bernhard Riemann (1826–1866): Maisha Yake na Asili ya Ukokotoaji wa Mafuriko

1.0 Utangulizi

Turiani, mkoani Morogoro, iko chini ya milima ya Nguru. Maji ya mvua hushuka kwa kasi miteremkoni, kisha hufika katika tambarare ya mashamba ya miwa ya Mtibwa yakielekea mto Wami. Atakaye kukokotoa mafuriko mahali kama hapo hukabiliwa na matatizo mawili: ardhi haigawanyiki katika miraba iliyo sawa, na kina cha maji huweza kubadilika ghafla mithili ya ukuta. Mbinu mojawapo itumikayo hugawa eneo katika pembetatu zisizolingana na kuhesabu kinachoingia na kutoka katika kila moja. Hesabu hiyo ya mipakani inatokana na Riemann. Makala haya yanaeleza maisha yake na kosa moja katika kazi yake.

2.0 Maisha

Riemann alizaliwa tarehe 17 Septemba 1826 huko Breselenz, katika ufalme wa Hanover, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri asiye na mali. Mwaka 1846 alikwenda Göttingen kusomea theolojia, lakini kwa idhini ya baba yake akahamia hisabati. Alipata udaktari mwaka 1851, na mwaka 1859 akarithi kiti cha Dirichlet. Alioa mwaka 1862. Mwaka huohuo maradhi ya mapafu yakamwandama. Alifariki Selasca, Italia, tarehe 20 Julai 1866, akiwa na umri wa miaka 39.

3.0 Kazi ya Mwaka 1860

Katika makala yake kuhusu mawimbi ya hewa, Riemann alichunguza gesi ambayo hali yake upande mmoja inatofautiana ghafla na ya upande wa pili. Alionyesha kwamba tofauti hiyo hugawanyika katika mawimbi mawili, na kila moja huwa ama la mshtuko ama la kutanuka.

Hata hivyo, alichukulia kwamba entropia haibadiliki ndani ya wimbi la mshtuko. Kwa hiyo tungamo na momenta vilihifadhika, lakini nishati haikuhifadhika. Rankine mwaka 1870, na baadaye Hugoniot, walidhihirisha kwamba nishati ndiyo ihifadhikayo, na entropia huongezeka.

4.0 Urithi

Mwaka 1959 Sergei Godunov aliliweka tatizo la Riemann katika kila mpaka wa wavu wa kukokotolea. Alithibitisha pia kwamba mbinu ya mstari isiyozua mawimbi ya uongo haiwezi kuvuka daraja la kwanza la usahihi. Bram van Leer alikikwepa kikwazo hicho mwaka 1979 kwa kukadiria mteremko ndani ya kila kisehemu na kuuwekea kikomo. Mwaka 1989 Barth na Jespersen waliipeleka njia hiyo katika nyavu zisizo na mpangilio.

5.0 Hitimisho

Milinganyo ya maji ya kina kifupi ina umbo lilelile la milinganyo ya Riemann, kina kikichukua nafasi ya densiti. Katika ukuta wa maji, tungamo na momenta huhifadhika, ilhali nishati ya mwendo na ya kimo hupotea katika msukosuko. Hivyo uamuzi uliokuwa kosa kwa hewa ni sahihi kwa mafuriko. Mkokotoaji anapaswa kwanza kuamua ni kitu gani kinachohifadhika. Usahihi wa daraja la juu hauwezi kufidia uamuzi mbaya katika jambo hilo.